Kilomita 1,000 za Kwanza: Namna ya Kuzoesha Injini Mpya ya Pikipiki na ya Gari

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya waendeshaji wa bodaboda, wamiliki wa pikipiki na wenye magari katika Kaunti ya Taita Taveta. Yanachapishwa hapa kwa ukamilifu ili mkaazi ambaye hakufika kikaoni naye apate kuyasoma, na aliyefika apate kuyakumbuka.



Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mazungumzo ya leo ni ya pikipiki iliyotoka dukani leo asubuhi, bado ina plastiki kwenye kiti. Mwenyewe anaitazama kwa furaha, majirani wanaizunguka, na mtoto anaomba kupakiwa. Siku hiyo ndipo maisha ya ile injini yanapoamuliwa. Kinachofanyika katika kilomita 500 za kwanza, na hadi kufikia 1,000, hakifutiki baadaye kwa oili nzuri wala kwa fundi hodari.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Pikipiki nyingi za kaunti hii hazinunuliwi kwa pesa taslimu. Kijana anatoa malipo ya kwanza, kisha analipa kila siku au kila wiki kwa mwaka mmoja au zaidi. Chukua mfano wa kijana anayelipa shilingi 400 kwa siku kwa miezi kumi na minane. Injini ikianza kutoa moshi wa bluu mwezi wa nane, bado ana miezi kumi ya deni. Mkopeshaji hatamngoja fundi amalize kazi yake. Siku pikipiki inapolala gereji, mapato yanasimama lakini deni linaendelea kutembea. Ndivyo kijana anavyonyang'anywa pikipiki aliyokwisha kuilipia karibu nusu ya bei. Kwa hivyo swali la kuzoesha injini ni swali la riziki.

Kuna nini ndani ya injini mpya

Ili mtu afuate masharti bila kulazimishwa, ni vizuri aelewe sababu yake.

Ndani ya injini ya pikipiki mna silinda, na ndani ya silinda mna pistoni inayopanda na kushuka. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, pistoni hupanda mara 5,000 na kushuka mara 5,000 katika dakika hiyo moja. Pistoni yenyewe haigusi ukuta wa silinda kwa kubana. Kinachobana ni ringi. Pistoni ya pikipiki ya kawaida huwa na ringi tatu. Mbili za juu huzuia nguvu ya mwako isiponyoke kwenda chini, na ya tatu hukwangua oili kutoka ukutani ili isipande juu ikaungua.

Ukuta wa silinda mpya hauko laini kama kioo. Kiwandani huchorwa kwa makusudi mistari midogo sana inayopishana, kama mkeka uliosukwa. Mistari hiyo ina kazi mbili: inashika oili ili pistoni isikwaruze chuma kikavu, na inafanya kazi ya tupa laini. Ringi mpya nazo hazijawa mviringo kamili unaolingana na silinda yake. Injini inapofanya kazi, nguvu ya mwako huingia nyuma ya ringi na kuisukuma ikutane na ukuta. Vilele vya ile mistari husaga ringi kidogo kidogo, na ringi nayo husaga vilele. Baada ya muda viwili hivyo vinafanana, vinakaa pamoja kama mfuniko na sufuria yake. Hapo ndipo injini inasemekana imezoea.

Kazi hiyo ina muda wake. Ile mistari ikishachakaa kabla ringi haijakaa sawa, nafasi imepita. Ukuta unakuwa mlaini na kung'aa kama kioo, oili haishiki, ringi inateleza juu yake bila kuziba. Kuanzia hapo oili itapanda juu na kuungua, na nguvu ya mwako itaponyoka kwenda chini na kuichafua oili iliyobaki. Dawa yake ni kuifungua injini tu.

Si ringi peke yake. Gia mpya zina makali madogo yanayohitaji kulainishana. Beringi, kamshafti, valvu na sahani za klachi nazo zinatafuta mahali pake. Unga wa chuma unaotoka katika kusagana huko huingia ndani ya oili. Jambo hilo la oili litarudiwa, kwa sababu ndilo linalosahaulika sana.

Makosa matatu yanayofanywa

Kosa la kwanza ni kuiacha pikipiki mpya ikinguruma usiku kucha, au saa nyingi, ikiwa imesimama. Wako wanaoamini kwamba hivyo ndivyo injini inavyofunguka bila kuchoka. Ukweli ni kinyume. Injini nyingi za bodaboda hupozwa na upepo unaopita kwenye mapezi ya silinda pikipiki inapotembea. Ikisimama, hakuna upepo, na joto linapanda mahali pamoja. Zaidi ya hayo, injini isiyobeba mzigo wowote haina nguvu ya kutosha ya mwako kusukuma ringi ukutani. Ringi inasuguana na ukuta bila kubana, na ukuta unaanza kung'aa. Mwenyewe anaamka asubuhi akidhani amefanya jambo la busara, kumbe amechoma mafuta na kuiharibu injini.

Kosa la pili ni kuivuta mafuta yote tangu siku ya kwanza. Wako wanaosema pikipiki ilelewe kwa ukali ili ikue na nguvu. Injini mpya ina msuguano mkubwa kuliko ya zamani, na msuguano huleta joto. Pistoni ya aluminiamu ikipata joto hutanuka zaidi ya silinda ya chuma. Ikitanuka kupita kiasi, inashika ukuta. Hata isiposhika kabisa, huacha mikwaruzo ya wima, na kila mkwaruzo ni njia ya oili kupanda.

Kosa la tatu ni la walio waoga kupita kiasi, wanaoiendesha pole pole kwa gia ya juu, mwendo mmoja, wiki nzima. Huyu naye anaikosesha ringi ile nguvu ya kuikalisha. Tena injini inayolazimishwa kupanda kwa gia kubwa ikiwa na mzunguko mdogo hutetemeka na kugonga, na beringi za kranki ndizo zinazoumia.

Kwa hivyo njia iliyonyooka iko katikati: injini ifanye kazi ya kweli, lakini isichoshwe, ipewe mzigo wa kiasi, na mwendo wake ubadilishwe mara kwa mara.

Kabla ya kuiwasha

Mnunuzi asitoke dukani kabla ya kukagua oili. Pikipiki isimamishwe wima mahali tambarare, kisha kiwango kitazamwe kwa kijiti au kwa kioo kidogo kilicho ubavuni mwa injini. Injini nyingi za bodaboda hubeba karibu lita moja tu ya oili. Ni kidogo, kwa hivyo hata upungufu wa robo lita ni jambo kubwa. Ahakikishe pia upepo wa magurudumu, mvutano wa mnyororo, na kwamba breki zote mbili zinashika.

Tena aulize kitabu cha maelezo na kadi ya waranti, asikubali kuondoka bila hivyo viwili. Kitabu hicho kimeandikwa na aliyeitengeneza injini. Pale ambapo maneno ya kitabu yanatofautiana na maneno ya mtaani, au hata na maneno ya kikao hiki, kitabu ndicho kifuatwe.

Kilomita 500 za kwanza

Asubuhi, baada ya kuwasha, injini ipewe kama nusu dakika hadi dakika moja ili oili ifike juu kwenye valvu. Hakuna haja ya kuivumisha. Kisha mwendeshaji aondoke taratibu, na aendelee na upole huo kwa dakika chache hadi injini ipate joto lake. Kule Wundanyi na Werugha, ambako asubuhi ni baridi, muda huo uongezwe kidogo.

Barabarani, mkono wa mafuta usipite nusu. Mwendeshaji asikae na mwendo mmoja muda mrefu. Apande hadi mwendo wa wastani, aachie mafuta pikipiki ipungue yenyewe, kisha apandishe tena. Kila anapovuta, mwako unasukuma ringi ukutani. Kila anapoachia, mvuto unaotokea ndani ya silinda huleta oili kidogo juu, na oili hiyo hupoza na kuosha unga uliosagika. Kuvuta na kuachia, kuvuta na kuachia: hiyo ndiyo siri yote ya kuzoesha injini, na haimgharimu mtu shilingi.

Barabara ya Voi hadi Mwatate inafaa sana kwa kazi hii, kwa kuwa haina miinuko mikali na ina vituo vya kutosha vya kupunguza na kuongeza mwendo. Njia ndefu iliyonyooka kupitia Maktau kuelekea Taveta ina hatari yake: mwendeshaji hujisahau, akakaza mkono mahali pamoja kilomita baada ya kilomita, na jua la Tsavo liko juu ya kichwa. Asiyekuwa na budi kuipita katika wiki ya kwanza, abadilishe mwendo njiani na asimame kivulini mara mbili tatu, injini ipoe.

Mlima wa kutoka Mwatate kwenda Wundanyi usiwe shule ya pikipiki mpya. Mtu akiishi huko, hana la kufanya, basi apande bila mzigo mzito, na ashushe gia mapema kabla injini haijaanza kulia. Gia ndogo na injini inayozunguka kwa wepesi ni afadhali kuliko gia kubwa na injini inayotetemeka.

Kuhusu mzigo: abiria mmoja anatosha. Hilo si jipya, maana Sheria ya Trafiki inaruhusu bodaboda kubeba abiria mmoja tu, awe mpya au mkongwe. Lakini magunia ya mkonge, mikungu ya ndizi kutoka Taveta, kreti za nyanya na mitungi minne ya maji ingoje siku chache.

Kilomita 500 hadi 1,000

Baada ya kilomita 500 za kwanza, mwendeshaji aongeze kidogo kidogo. Mkono wa mafuta ufike robo tatu kwa muda mfupi, kisha urudi. Mlima upandwe, lakini kwa subira. Mzigo uongezwe kwa kiasi. Bado asivute mafuta yote kwa muda mrefu. Akifika kilomita 1,000, na huduma ya kwanza imeshafanywa, pikipiki inaweza kuingia kazini kikamilifu.

Hapa ndipo watu huuliza: kijana mwenye deni atakula nini wakati anazoesha injini? Jibu ni kwamba pikipiki haikai nyumbani. Inafanya kazi, ila kazi nyepesi. Bodaboda anayetembea kilomita 80 kwa siku anamaliza kilomita 500 kwa siku sita au saba, na kilomita 1,000 kwa siku kumi na tatu. Wiki mbili za abiria mmoja mmoja wa mjini hazilingani na miezi ya injini mbovu.

Neno kwa wamiliki

Pikipiki nyingi zina mwenyewe na zina mwendeshaji, nao si mtu mmoja. Mwenyewe anataka hesabu yake jioni. Kama hesabu ya siku ya kwanza ni sawa na ya siku ya mia, mwendeshaji atalazimika kukimbia na kubeba kupita kiasi ili aifikishe. Mmiliki wa namna hiyo anaidai injini yake mwenyewe pesa ambazo bado haina.

Inafaa wawili hao wakae chini kabla funguo hazijatolewa. Tuseme hesabu ni shilingi 400. Mmiliki akikubali shilingi 250 kwa siku kumi na tatu za kuzoesha, anakuwa ameacha shilingi 1,950. Kisha aende kwa fundi yeyote aulize bei ya kuchonga silinda, pistoni mpya, ringi, gasketi na kazi ya mikono, ajumlishe na siku ambazo pikipiki italala bila hesabu. Alinganishe hizo mbili, na aamue mwenyewe. Makubaliano hayo yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, na pamoja nayo iandikwe ni nani atakayelipia oili. Ugomvi mwingi wa wenye pikipiki na waendeshaji huanzia hapo kwenye oili.

Oili ya kwanza

Huduma ya kwanza ndiyo muhimu kuliko zote zitakazofuata. Vitabu vingi vya pikipiki huitaja mahali fulani kati ya kilomita 500 na 1,000. Unga wote wa chuma uliosagika siku zile za kwanza umo ndani ya oili ile. Anayeiona oili ikiwa bado ina rangi nzuri na kuamua kuiacha iendelee hadi kilomita 2,000, anazungusha mchanga wa chuma ndani ya injini yake. Oili imwagwe injini ikiwa na joto, maana ndipo inapotoka pamoja na uchafu wake. Chujio lisafishwe au libadilishwe kama kitabu kinavyosema.

Siku hiyo hiyo fundi akague nafasi ya valvu, kwa kuwa hubadilika injini inapojikalia. Mnyororo mpya hurefuka, ukazwe kwa kipimo, usikazwe kama uzi wa gitaa. Nati na bolti zote zipitiwe, waya za klachi na breki zirekebishwe. Kama ni magurudumu ya spoku, spoku nazo ziguswe moja moja.

Kuhusu aina ya oili, jambo moja halijulikani na wengi. Katika pikipiki nyingi, oili hiyo hiyo inalainisha injini, gia na klachi. Oili za magari zilizoongezwa dawa ya kupunguza msuguano ili kuokoa mafuta zinaweza kuifanya klachi iteleze. Mwendeshaji atafute oili ya pikipiki, yenye unene ulioandikwa kwenye kitabu chake, na yenye alama ya JASO MA kwenye kopo.

Oili bandia nayo ipo sokoni. Kopo liwe na muhuri ambao haujafunguliwa, na alama ya ubora ya KEBS pamoja na nambari ya kibali chini yake. Mnunuzi anaweza kuihakiki nambari hiyo kwa kutuma neno SM, alama ya #, kisha nambari ya kibali kwenda 20023. Oili ya kupimwa kwa chupa ya soda kando ya barabara haina wa kuijibia.

Tena waendeshaji na mafundi wakumbuke kwamba oili chafu isimwagwe kwenye mtaro wala kando ya kijito. Vilima vya Taita vina chemchemi ambazo watu wa chini huzitegemea kwa maji ya kunywa. Oili iliyotumika iwekwe kwenye mtungi na kupelekwa gereji inayokusanya.

Risiti ya kila huduma itunzwe. Siku injini ikiharibika ndani ya muda wa waranti, swali la kwanza la muuzaji litakuwa kama huduma ya kwanza ilifanywa kwa wakati, na jibu la mdomo halitoshi.

Breki na magurudumu

Injini si kitu pekee kinachozoeshwa, na hapa jambo linahusu uhai. Magurudumu mapya huwa na utelezi juu yake yanapotoka kiwandani. Kwa kilomita 100 hadi 160 za kwanza, mwendeshaji asilale kwenye kona, na kwenye mvua awe na hadhari mara mbili. Breki mpya nazo hazijashika uso wote. Katika siku za kwanza azifunge mapema, kwa upole, mara nyingi, hadi zikae. Asidhani kwamba kitu kipya ndicho salama kuliko vyote. Kofia ngumu na jaketi inayong'aa, yake na ya abiria, ziwepo tangu safari ya kwanza.

Wenye pikipiki za umeme nao wasiondoke. Mota ya umeme haina ringi wala oili ya kuzoesha, lakini magurudumu na breki zake zinafuata masharti hayo hayo.

Wenye magari

Magari mengi yanayonunuliwa katika kaunti hii si mapya. Yanatoka ng'ambo yakiwa yametumika, kwa masharti ya Kenya kwamba yasizidi umri wa miaka minane. Injini ya gari kama hilo ilikwisha kuzoeshwa na mtu mwingine miaka iliyopita.

Anayebahatika kununua gari jipya kabisa atakuta masharti yanafanana na ya pikipiki. Vitabu vya Toyota humwambia mwenye gari aepuke kufunga breki kwa ghafla katika kilomita 300 za kwanza, asivute trela katika kilomita 800 za kwanza, na katika kilomita 1,000 za kwanza asiende mbio kupita kiasi, asikanyage mafuta kwa ghafla, wala asikae na mwendo mmoja muda mrefu. Subaru imekuwa ikitaja kilomita 1,600, na injini isipite mizunguko 4,000 kwa dakika. Viwanda vya leo huchonga vyuma kwa usahihi mkubwa kuliko vya zamani, ndiyo maana masharti yamepungua. Hayajaisha.

Lakini wengi wa wenye magari, na wenye matatu hasa, watakutana na jambo hili kwa mlango mwingine: injini iliyofunguliwa. Silinda ikichongwa na ringi mpya kutiwa, injini hiyo imekuwa mpya tena, hata kama gari lina miaka kumi na tano. Hapo masharti ni makali zaidi, kwa sababu kazi ya gereji hailingani na ya kiwanda. Mwenye gari amwombe fundi ahakikishe kwamba ukuta wa silinda umechorwa ile mistari baada ya kuchongwa, na kwamba kila kitu kimeoshwa kabla ya kufungwa. Injini ikishawaka na kupata presha ya oili, na ikakaguliwa kama haivuji maji wala oili, isiachwe ikinguruma mahali pamoja siku nzima. Ipelekwe barabarani, bila abiria, kwa kuvuta na kuachia. Oili ya kwanza ibadilishwe mapema, ndani ya kilomita mia chache, kisha tena katika kilomita 1,000. Matatu inayotoka gereji Ijumaa na kupakia abiria kumi na wanne kwenda Mombasa Jumamosi alfajiri, hiyo itarudi gereji.

Dalili za kutazama

Mwendeshaji atazame moshi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni petroli nyingi kupita hewa, na huo una dawa rahisi. Mvuke mweupe unaotoweka asubuhi ya baridi si ugonjwa.

Atazame kiwango cha oili kila baada ya siku mbili katika wiki za kwanza. Kupungua kidogo sana mwanzoni si ajabu, maana ringi bado hazijakaa. Ila kiwango kikiendelea kushuka baada ya kilomita 1,000, arudi kwa muuzaji mapema, waranti ikiwa bado hai. Asikilize pia sauti. Mgongo wa chuma, nguvu inayopotea ghafla au harufu ya kuungua ni amri ya kusimama hapo hapo, si kesho.

Kwa kumalizia

Yote yaliyosemwa yanaweza kubebwa kichwani bila karatasi. Oili itazamwe kabla ya kuwasha. Injini ipashwe moto kidogo, isiachwe ikinguruma bure. Ivutwe na iachiwe, mafuta yasipite nusu hadi kilomita 500. Mzigo uwe mwepesi na gia ishushwe mapema mlimani. Oili ya kwanza imwagwe kwa wakati, na risiti iwekwe.

Mwalimu wa udereva hawezi kukaa nyuma ya kila bodaboda, na kaunti haiwezi kuweka mtu kila kituo. Kijana aliyepewa funguo leo ndiye atakayeamua. Akisubiri siku kumi na tatu, anaweza kumaliza deni lake pikipiki ikiwa bado inawaka kwa kiki moja, na kuanzia hapo kila shilingi inayoingia ni ya nyumba yake.